Nesi Alipokuja, Mama Alisimama

Siku nesi wa jimbo alipokuja Kenmore, kando ya Buffalo, kumkagua kama ni mgonjwa, Mukabutera alipendeza kuliko bibi harusi. Alikuwa amekaa sebuleni tangu saa moja asubuhi, vazi lake la rangi ya maziwa limefungwa begani, kitambaa cha kijani kichwani, mafuta yanang'aa usoni, viatu vya kanisani miguuni. Nesi alisema atafika saa nne. Kwa saa tatu nzima mama huyo hakukohoa, hakuegemea mto, hakuomba hata maji. Ungemtazama ungedhani nesi ndiye anayekuja kukaguliwa.

Aliyemvalisha ni Shami, mke wa mwanawe. Kumvalisha kulikula dakika arobaini, maana mkono wa kulia wa Mukabutera ulikuwa umeacha kumsikiliza mwenyewe tangu majira ya baridi yaliyopita, alipopooza upande mmoja akiwa Columbus kwa binti yake. Mguu wa kulia nao uliuiga mkono, kama mtoto mtukutu anayemwiga kaka yake. Bafuni alikuwa ameanguka mara mbili. Usiku alilowesha kitanda. Hayo Shami aliyajua kwa mikono yake, mumewe Cyubahiro alijifanya hayajui, na nesi alikuwa njiani kuja kuyaandika.

“Mama, unisikilize,” Shami alisema akimkaza kitambaa. “Akikuuliza kama unajioshaka mwenyewe, useme hapana.”

“Kwani ananiosha nani?”

“Miye, mama. Kila siku.”

“Weye uko mtoto wangu. Ile haiko kuoshwa. Ile ni nyumba.”

Shami akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Miezi mitatu nyuma alikuwa ameacha kazi yake katika kiwanda kinachofua mashuka ya mahospitali. Kazi yenyewe ilikuwa kukunja, kukunja, kukunja, mpaka akiota usiku anakunja. Aliiacha kwa sababu jimbo la New York lina mpango wake: mzee akithibitika hawezi kujihudumia, mtu wa nyumbani analipwa kumtunza. Kanisa zima lilikuwa linazungumzia mpango huo. Jimbo lisipokubali, Shami angerudi kwenye mashuka, Cyubahiro yuko kiwanda cha vipuri vya magari, na mama angebaki peke yake ghorofa ya pili kuanzia alfajiri, au apelekwe nyumba ya wazee, ambako watu wa milimani kwao, mashariki ya Kongo, walisikia kuwa mtu analishwa kijiko na mgeni na kufa bila kuitwa jina.

Kengele ikalia. Nesi alikuwa binti wa kizungu mwenye kompyuta kifuani na tabasamu la mtu aliyelala vizuri. Mlangoni hakuvua viatu. Alitoa mifuko miwili ya plastiki ya buluu, akavivisha viatu vyake kama anayeviweka kwenye friji, akaingia. Shami aliitazama ile mifuko akashindwa kujua kama amewaheshimu au amewakinga.

Ndipo mama akasimama.

Shami hakuamini. Mukabutera alisukuma kochi kwa mkono wa kushoto, akainuka, akanyooka, akamkumbatia mgeni mabegani na kumtakia ng'ombe wengi na watoto wa kuwachunga, vile mtu mwenye adabu anavyompokea mtu. Nesi hakuwa na ng'ombe hata mmoja, ila alifurahi. Mama akageuka, akachukua kikombe cha chai ya maziwa kutoka mezani, akampelekea kwa mkono wake mwenyewe. Hatua nne. Shami alizihesabu zote bila kupumua.

“Oh, no, thank you,” nesi alisema kwa Kiingereza chake akipunga mkono. “Haturuhusiwi.”

Kikombe kilibaki hewani. Mama alikishikilia hivyo kwa muda, akidhani labda ni adabu za huko kwao kukataa kwanza. Mwisho Shami akakipokea yeye, akakinywa kwa aibu ya watu wote watatu.

Nesi hakujua lugha yao wala Shami hakujua Kiingereza cha kutosha, kwa hiyo simu iliwekwa mezani na mkalimani akaongea kutoka ndani yake.

“Habari yako, mama. Mimi ni mkalimani nambari elfu nne mia moja na—”

“Nambari?” Mukabutera alishtuka. “Weye uko mtoto wa nani?”

“Mama, haturuhusiwi kusema—”

“Sikuulize siri. Nakuuliza baba.”

Kisha sauti ikarudi ikiwa ndogo, kama ya mwanafunzi aliyefumwa. “Niko wa Rugaba, mama. Rugaba wa Kamombo.”

“Rugaba yule mwenye pengo? Babako nilimubeba mugongoni! Aliniharibia kitenge kipya!”

Kuanzia hapo ukaguzi ulikuwa umekwisha, ila nesi hakujua. Mtu anaweza kumwambia nambari elfu nne mia moja habari za mkojo wake. Hawezi kumwambia mtoto wa Rugaba.

“Nesi anauliza, mama, unaweza kuoga bila kusaidiwa?”

“Mwambie maji nayajua tangu nizaliwe.”

“Anauliza unaweza kujipikia?”

“Nilipikia batu mia mbili ku kambi, Burundi. Na kuni mbichi.”

“Anauliza… unisamehe, mama… kama unaenda chooni mwenyewe.”

Mukabutera alitazama dirisha. “Mungu ni mwema,” alisema.

“Je, uliwahi kuanguka?”

“Nani haanguke?”

Shami aliona vidole vya nesi vikikimbia juu ya kompyuta na kila kidole kikimrudisha kwenye mashuka. “Nesi,” alianza, “kuna vile mama anakuwaka usiku…”

Mama akamgeukia. Kama lingekuwa jicho la ukali, Shami angelishinda. Miaka kumi na moja ndani ya ukoo huo ilikuwa imemkomaza kwa macho ya ukali. Lakini mama alikuwa anamwomba. Shami akafunga mdomo.

“She's amazing,” nesi alisema akifunga kompyuta.

“Anasema wewe ni wa ajabu, mama,” alitafsiri mtoto wa Rugaba, naye akafurahi kweli.

Mlango ukafungwa. Mama alibaki wima, mkono wa kushoto umeng'ang'ania ukingo wa meza.

“Gari imeondoka?”

“Bado. Anarudi nyuma. Sasa imeondoka.”

Mukabutera akaketi, au tuseme alianguka mahali ambapo kwa bahati palikuwa na kiti. Maji yakaanza kushuka kutoka kwenye kiti hadi kwenye zulia, polepole, yakalowesha viatu vya kanisani. Mama aliendelea kutazama dirishani kama vile yanamtoka mtu mwingine. Shami alienda kuleta beseni.

*

Barua ilifika baada ya siku kumi na mbili. Aliyeisoma ni Uwase, binti yao wa miaka tisa, maana katika nyumba hiyo aliyejua kusoma barua za serikali ndiye aliyekuwa bado hajaruhusiwa kuvuka barabara peke yake.

“Inasema Koko yuko independent,” mtoto akasema. Koko ni nyanya yake. “That's good, right? Hahitaji kitu. Congratulations.”

“Soma tena,” Cyubahiro alisema.

“Papa, I read it already.”

“Soma tena, nimesema.”

Akasoma tena. Nyanya akabaki vilevile hana shida yoyote. Chini kabisa iliandikwa kwamba wasiporidhika wanaweza kukata rufaa, na mkaguzi mwingine atakuja. Mukabutera, aliyekuwa anasikiliza kutoka chumbani, akaita: “Wamesemaje?”

“Wamesema uko muzima, mama,” Cyubahiro alijibu.

“Si nilijua.”

Jioni hiyo simu ya video ilipigwa kati ya miji mitatu. Kutoka Louisville alitokea Ndahiro, mtoto wa kwanza, amekaa kwenye gari lake nje ya ghala la vifurushi. Kutoka Columbus akatokea dada yao Umurerwa, na watoto wake watano wakipita nyuma yake kama abiria. Kutoka Kenmore, Cyubahiro, mtoto wa mwisho. Kwa desturi yao mama hukaa kwa mtoto wa mwisho wa kiume, lakini Marekani mama alikuwa amezungushwa kama kombe la ubingwa: Louisville miezi minne, Columbus mwaka, sasa huku kaskazini. Kadi yake ya matibabu ya Kentucky ilikufa alipovuka daraja la kuingia Ohio. Ya Ohio nayo ikafa kabla hajafika Buffalo. Kila jimbo lilitaka aanze kuugua upya.

“Bon, turudishe mama kwangu,” Ndahiro alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

“Kwako ulikuwa unamfungia na kutoa vifungo vya kuwashia jiko,” alisema Umurerwa. “Ulikuwa unaenda navyo kazini ku mfuko!”

“Ili asiunguze nyumba! Ulitaka nifanye nini, niende na jiko?”

“Na mchana alikuwa anakula nini?”

“Mkate. Na maziwa. Weye kwako alikula nini? Alianguka ku ngazi zako ukajua saa kumi ulipotoka kazini!”

Umurerwa akaanza kulia, simu yake ikaonyesha dari. Mtoto wake mmoja akauliza kwa Kiingereza kama pizza imefika.

“Mama haiko kifurushi, Ndahiro,” Cyubahiro alisema.

“Donc abaki kwako. Bibi yako aache kazi.”

“Alishaacha! Tangu mwezi wa tisa tunakula mushahara moja.”

“Basi mwambie mama aseme ukweli kwa nesi.”

“Umwambie weye. Weye ndiye mukubwa.”

Ndahiro alitazama usukani wake. Watu watatu wazima, mmoja ameendesha lori, mwingine amezaa watano, mwingine ameikimbia vita kwa miguu akiwa mtoto, na hakuna aliyeweza kumwambia mama huyo atamke neno mkojo. “Shami yuko hapo?” Ndahiro aliuliza hatimaye. “Shami ni mwanamke. Aseme yeye.”

“Miye ni mwanamke pia,” alisema Umurerwa kutoka darini.

“Weye uko mbali.”

Shami alikuwa jikoni anaosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

*

Aliyewapa akili ni Jolie, mwanamke wa kanisani kwao, Mkongo wa Uvira, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee wa kizungu na ambaye hakuogopa neno lolote linalotoka mwilini mwa binadamu. Alikuja Jumamosi, akaketi, akala, akaisikiliza hadithi yote ya vazi la maziwa na kikombe cha chai, kisha akapiga paja.

“Mulimvalisha?”

“Alitaka mwenyewe.”

“Na viatu? Yesu! Mgonjwa gani anavaa viatu vya ngozi? Mngempa na mkoba basi, aende benki.” Akacheka peke yake, akaacha. “Sikiliza, Shami. Hawa watu hawaamini uso. Wanaamini yale unasema na yale wanaona. Weye ukimpokea na heshima, wanaandika heshima. Ile siku mkaguzi wa rufaa akuje, mama abaki mu kitanda vile alivyoamka. Msimpake mafuta. Msifiche dawa. Msifiche zile nepi. Na mseme vile anakuwaka siku mbaya, haiko siku ya wageni.”

“Kusema mbele yake?”

“Mbele yake, nyuma yake, juu yake. Mseme!”

“Jolie, ile ni kumvua mama nguo mbele ya batu.”

“Na nyumba ya wazee wanamvuaka nini, kofia?”

Cyubahiro, aliyekuwa amesimama mlangoni, aligeuka akaenda kuangalia gari lake. Lilikuwa zima. Aliliangalia karibu saa moja.

Siku iliyofuata, baada ya ibada, Shami alimwosha mama kama kawaida. Alimkalisha kwenye kile kiti cha plastiki cha bafuni, akammwagia maji ya uvuguvugu mgongoni. Hapo ndipo walipozoea kuongea. Mama alipenda kuulizia nani alikuwa kanisani, nani amenenepa, mchungaji amelia au hakulia.

“Mama, nesi mwingine anakuja siku ya tano.”

“Wa nini? Ule wa kwanza aliridhika.”

“Ndiyo maana. Aliridhika mno. Serikali inataka kujua yale hauwezi.”

Mukabutera alipangusa maji usoni kwa mkono wa kushoto. “Donc ukiwa na nguvu hawakupe kitu.”

“Hawakupe.”

“Ukiwa na aibu wanakupa.”

“Ndiyo, mama. Kwa saa.”

Mama akacheka, na Shami akacheka naye, na kwa muda mfupi walikuwa wanawake wawili tu ndani ya mvuke. Kisha mama akasema bila kucheka: “Mama Uwase, nilizika bwana. Nilizika batoto bane. Nilitembea kutoka Minembwe mpaka Burundi na huyu Cyubahiro anashika kitenge changu. Hakuna mutu aliniona nimelala chini. Hata hapo kambini, wazungu wa kugawa unga wakija, nilikuwa nasimama. Unataka hapa, mu nyumba ya mwana wangu, ndiyo nilale?”

“Nikirudi kazini utabaki peke yako tangu saa kumi na moja asubuhi, mama.”

“Nitakaa. Nitaomba.”

“Na ukianguka?”

“Nitakungoja.”

“Masaa tisa?”

Shami alimfunga taulo, akamwinua kwa kumkumbatia kifuani, kama kila siku, na mzee alikuwa mwepesi kama mtu aliyekwisha kuondoka nusu.

*

Mkaguzi wa pili alikuwa mwanamume. Hilo hakuna aliyelifikiria. Mzee wa kizungu mwenye ndevu nyeupe, mpole, anayeongea polepole kama anayemwamsha mtu. Cyubahiro alimfungulia, akamwonyesha chumba, kisha akatoka kwenda kazini, ingawa alikuwa ameomba ruhusa ya siku nzima.

Mukabutera alikuwa kitandani. Hakuna vazi la maziwa, hakuna kitambaa. Nywele zake nyeupe, ambazo Shami mwenyewe aliziona mara chache tu nje ya bafu, zilikuwa zimetawanyika juu ya mto. Kifurushi cha nepi kilikuwa juu ya meza kama zawadi ya mtoto mchanga. Mama aliposikia sauti ya mwanamume mlangoni mkono wake wa kushoto ulienda kichwani kutafuta kitambaa. Haukukipata. Ulibaki hapo juu ya nywele, umezifunika zinazoweza kufunikwa.

Mkalimani wa simu safari hii alikuwa mwanamke, wa haraka, asiyetaka kuulizwa baba. “Nahitaji jina kamili la mgonjwa kwa ajili ya rekodi.”

Shami alimtazama mama. Mama alitazama ukuta. Katika miaka kumi na moja ya ndoa Shami alikuwa hajawahi kulitamka jina la mama mkwe wake. Kwao, mke aliyelelewa vizuri hatamki jina la mzazi wa mumewe. Hata neno linalofanana nalo analizunguka.

“Jina, tafadhali. Muda unaenda.”

“Mukabutera,” Shami alisema.

Ilikuwa kama kusikia sahani ikivunjika chumba cha pili. Mama alifumba macho.

“Nesi anamwuliza mgonjwa: anaweza kujiosha?”

“Amuulize ule,” mama alisema ukutani. “Miye siko na mudomo.”

Basi Shami akasema. Na ubaya wenyewe ulikuwa hapo: kama angejua Kiingereza, angemwambia yule mzee kando, jikoni, na mama asingejua zaidi ya sauti. Lakini ilibidi aiambie simu, na simu ilielewa lugha ileile aliyoielewa mama. Kila neno lililokuwa likisafiri kwenda kwa mzungu lilipita kwanza juu ya kitanda.

“Hapana. Namuosha miye. Kila siku.”

“Sehemu zote?”

“Sehemu zote.”

“Usiku analowesha mara ngapi?”

“Mara mbili. Siku zingine tatu.”

“Anajua kwamba amelowa?”

“Anajua.”

“Anakuambia?”

“Hapana. Ananyamaza mpaka niguse shuka.”

“Haja kubwa je? Anajizuia?”

Shami alisikia pumzi ya mama ikisimama. “Siku zingine hapana,” alisema.

“Tafadhali eleza mara ya mwisho ilikuwa lini na ilikuwaje.”

Akaeleza. Ilikuwa Jumanne. Alieleza kwa sauti ya chini, kisha mkalimani akamwambia apaze sauti hamsikii vizuri, akaeleza kwa sauti ya juu. Alieleza bafu, alieleza kijiko kinachoanguka, alieleza siku mama alipomwita Uwase kwa jina la mtoto aliyekufa. Mzee mwenye ndevu aliandika kwa huruma. Mama alikuwa amevuta blanketi mpaka puani, kisha mpaka kwenye macho, kisha nywele zenyewe zikapotea.

“Mwisho,” mkalimani alisema, “nesi anaomba mgonjwa ajaribu kusimama, kama anaweza.”

Shami alisubiri. Alimjua mama huyu. Mgeni yumo chumbani. Magoti yenyewe yangeinuka kabla ya mwenyewe kuamua. Alijikuta anaomba kimoyomoyo mambo mawili kwa pamoja: asisimame, wapate saa; asimame, awe mama.

“Mwambie siwezi,” sauti ilitoka chini ya blanketi.

Lilikuwa neno ambalo hakuna mtu wa ukoo huo aliyewahi kumsikia akilisema. Mzee wa kizungu aliliandika kwenye kisanduku chake, akamshukuru Shami, akamwambia amefanya vizuri sana.

*

Walipewa saa arobaini na mbili za kulipwa kwa wiki. Saa sita kila siku, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Louisville ilipiga simu kushukuru Mungu. Columbus ilipiga ikalia kwa furaha. Cyubahiro alinunua nyama. Jolie alikuja akacheza mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio.

Shami aliwekewa kitu kwenye simu: asubuhi unabonyeza, inalia *tii*, umeingia kazini, mchana unabonyeza, *tii*, umetoka. Siku ya kwanza mama aliuliza: “Ile inalia ni nini?”

“Ni saa ya kazi, mama. Serikali inataka kujua nimeanza.”

“Kazi gani?”

Shami alikuwa na beseni mkononi.

“Aa,” mama akasema.

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu. Aliendelea kusema asante, jambo ambalo hakuwa analisema zamani. “Asante kwa kunigeuza.” “Asante kwa chakula.” Kama mtu aliyelazwa hospitalini. Hakuuliza tena nani amenenepa kanisani. Kusimama hakusimama tena, hata kwa ukuta, na mguu wa kulia ambao zamani uliburutwa sasa ulilala tu. Mke wa mchungaji alipokuja kumsalimia na wamama wanne, Mukabutera aliwapa mkono kutoka kitandani na kuwaambia watamwona nesi hapo jikoni, kama wana maswali. Nesi ni Shami.

Alasiri moja mwezi wa pili, theluji ikianguka bila haraka, basi la shule lilimteremsha Uwase, na Shami akaingia chumbani kumwangalia mama. Aligusa shuka. Lilikuwa limelowa mpaka kwenye godoro.

“Mama, ngoja nilete maji.”

“Saa ngapi?”

“Saa kumi kasoro.”

“Ulishatoka ku kazi. Nilisikia ikilia.”

“Achana na ile, mama. Nikugeuze.”

Mkono wa kushoto, ule mzima, ulishika reli ya kitanda. Shami hakujua kwamba bado una nguvu hizo. “Nenda upikie mutoto wako. Umefanya saa zako.”

“Utakaa hivyo mpaka kesho?”

“Saa mbili utanikuta.”

“Mama, Mungu anisamehe, hauwezi kukaa mu mikojo masaa yote—”

“Uliandikisha mara mbili, siku zingine tatu. Wanajua.”

Cyubahiro alikuwa amefika mlangoni, bado na koti la kazini. Hakuweza kuvuka kizingiti; mwana haingii chumba cha mamake katika hali ile. Aliongea akitazama zulia. “Mama, tafadhali. Muache akuoshe.”

“Na weye,” mama aliuliza kwa upole, “wanakulipaka ngapi?”

Cyubahiro akaondoka. Walisikia anafungua friji, anaifunga, anaifungua.

Shami akaleta beseni, akaliweka sakafuni. Alitoa simu mfukoni. Kitufe chenyewe hakuthubutu kukibonyeza. Kubonyeza nje ya saa ni kosa, alishaonywa, wanaweza kufuta kila kitu. Alitafuta ndani ya simu mlio wowote unaofanana, akaupata ule wa ujumbe, akaubonyeza. *Tii.*

“Haya, mama. Nimeingia kazini.”

Mukabutera alisikiliza. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio hayo yaliwahi kutambua kengele ya ng'ombe wake kati ya mia tatu.

“Hiyo haiko ile,” alisema.

Shami akaketi chini kando ya kitanda, mgongo ukutani, sponji mkononi. Jikoni Uwase alikuwa anamwuliza baba yake kwa Kiingereza kwa nini hakuna anayepika. Mvuke wa beseni ulipungua, ukaisha. Alitumbukiza vidole, akaona maji yamepoa, akaenda kuleta mengine ya moto, akarudi, akaketi palepale.